UZI: Utafiti wa huduma za afya vijijini Lindi na Mtwara, tunapima nini hasa?

#1 Lukuledi

Wadau, uzi huu ni wa wanafunzi, maofisa wa halmashauri na watu wa asasi wanaojiandaa kuingia vijijini kupima kama huduma za afya zinawafikia watu wa Kusini. Madodoso mengi yanayoletwa huku yana swali lilelile: "Kituo cha afya kiko umbali gani?" Mwenye nyumba anajibu "karibu tu", karani anaweka alama, na ripoti inatoka ikisema kaya nyingi ziko ndani ya kilomita 5. Kijiji hichohicho mjamzito anabebwa kwa machela usiku. Swali lilipima jengo lilipo. Kama mtu anatibiwa, hilo halikuulizwa.

Hiyo kilomita 5 haikutoka hewani. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na ni lengo zuri. Lakini ni lengo la ujenzi. Mtafiti akilichukua kama kipimo cha huduma, anahesabu kuta na bati.

Mfumo unaosaidia zaidi ni ule wa Tanahashi wa 1978, wa ngazi tano. Chukua mtoto wa miaka miwili mwenye homa pale Nanyumbu. Je, huduma ipo, yaani mtumishi, kipimo cha malaria na dawa ya uzito wake? Kama ipo, inafikika kwa miguu na kwa gharama? Kama inafikika, mama anaikubali, au anaona kwanza aende kwa mganga wa jadi? Kama ameikubali, alionwa kweli siku ile? Na alipoonwa, alipata matibabu sahihi hadi mwisho? Kila ngazi inadondosha watoto. Tafiti nyingi zinaishia ngazi ya pili, na watoto wengi huenda wanadondoka kuanzia ya tatu kwenda juu.

Jambo la pili ni kwamba Lindi na Mtwara si kitu kimoja. Kwa Sensa ya 2022 Lindi ina watu 1,194,028 kwenye takriban kilomita za mraba 66,000. Mtwara ina watu 1,634,947 kwenye kama 16,700. Yaani Lindi watu 18 kwa kilomita ya mraba, Mtwara karibu 98. Ukichanganya mikoa hii ukatoa wastani, Liwale ya Lindi yenye watu wachache inamezwa na Tandahimba ya Mtwara iliyojaa watu, na ukitoa wastani wa Lindi peke yake, Liwale inamezwa na miji ya pwani. Gawanyeni kwa halmashauri, na ndani ya halmashauri kwa tarafa.

Karibuni tujenge. Naomba kila mmoja aandike lile analolijua kwa undani, na aseme kinachoharibika na sababu yake.

#2 RamaniKusini

Nianze na umbali. Mstari wa kunyoosha kwenye ramani unadanganya kuliko kitu chochote, na huku kuna mifano miwili ambayo kila mtafiti anapaswa kusimama aitazame.

Wa kwanza ni Newala. Simama ukingoni, Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma. Kijiji kiko chini hapo, macho yanakifikia. Kwenye ramani kilomita sita. Kwa mgonjwa ni njia ya kupanda mtelemko mkali, na mtu mwenye homa au mwenye uchungu hapandi kwa mwendo wa mtu mwenye afya. Wa pili ni Kitunda, ng'ambo ya ghuba kutoka Lindi mjini. Hospitali ya Sokoine iko upande wa pili wa maji tu. Umbali wa maji ni mfupi, lakini cha kuuliza ni kivuko kinafanya kazi kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na baada ya hapo mtu anavushwa na nani, kwa bei gani. Msangamkuu kwa upande wa Mtwara ni hivyohivyo. Songosongo ndiyo kabisa.

Kwa hiyo pimeni muda, msipime kilomita. Kuna programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani inaitwa AccessMod. Inataka tabaka nne: mwinuko wa ardhi, aina ya uoto, barabara na mito, na orodha ya vituo yenye viwianishi, yaani namba za GPS. Kwa mwendo wa miguu kwenye njia tambarare wekeni kilomita 4 hadi 5 kwa saa kwa mtu mzima. Kwa anayembeba mtoto au mgonjwa, shusheni hadi nusu. Kisha endesheni hesabu mara mbili: mara moja kwa kiangazi, mara moja kwa mvua za Desemba hadi Aprili huku mkifunga vivuko vya mito inayojaa. Tofauti ya ramani hizo mbili ndiyo matokeo yenyewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kuu pale Somanga, hata aliye kando ya lami alijikuta hana njia ya kaskazini.

Makosa ya kawaida ni mawili. Orodha ya vituo ya wizara inaweza kuwa na viwianishi vilivyochukuliwa ofisini kwa kijiji badala ya kwenye zahanati, kwa hiyo thibitisheni kwa simu mlangoni mwa kituo, mkisubiri kosa la GPS lishuke chini ya mita 10. Na zahanati iliyoezekwa lakini haijafunguliwa isiwekwe kwenye ramani kama kituo.

#3 BiTakwimu

Naongeza kuhusu sampuli, maana hapo fedha nyingi zinapotea.

Watu wanachukua ile fomula ya kawaida, kadirio la asilimia 50, kosa linaloruhusiwa asilimia 5, wanapata 384, wanaingia kijijini na 384. Hiyo 384 ni kwa watu waliochaguliwa mmojammoja wilaya nzima. Ninyi mnachagua vitongoji kwanza, halafu kaya ndani ya vitongoji, na kaya za kitongoji kimoja zinafanana: zahanati moja, barabara moja, kisima kimoja. Kwa maswali ya umbali na huduma kufanana huko ni kukubwa, kwa hiyo zidisheni angalau kwa 2. Inakuwa 768. Gawanyeni kwa 0.9 kufidia nyumba zitakazokutwa zimefungwa, inakuja 854. Mkichukua vitongoji 30, kila kimoja kaya 29, mnapata 870. Hiyo ni kwa halmashauri moja. Anayetaka kulinganisha halmashauri mbili ajiandae kwa mara mbili.

Msipunguze vitongoji mkaongeza kaya ili kuokoa mafuta ya gari. Vitongoji 10 vyenye kaya 87 ni 870 vilevile, lakini taarifa mnayopata ni ndogo zaidi.

#4 MgeniMtama

Dada BiTakwimu, samahani kwa swali la msingi. Daftari la wakazi la kijiji halitoshi kuchagulia kaya? Mtendaji huwa nalo, na linaokoa siku mbili za kuorodhesha.

#5 BiTakwimu

Halitoshi, ndugu yangu, na sababu yake inagusa kabisa watu mnaowatafuta.

Daftari linaandika waliojenga kijijini. Linawaacha wanaoishi mashambani kwenye vibanda miezi mitatu minne kila mwaka. Linawaacha wafugaji. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006, wengi waliingia Lindi na mifugo yao, na hadi leo makazi yao Kilwa, Liwale na kwingineko yako mbali na kiini cha kijiji. Ukichagua kutoka kwenye daftari, umeshawatoa walio mbali zaidi kabla hujauliza swali la kwanza, kisha unaandika kwamba hali ni nzuri.

Ombeni Ofisi ya Taifa ya Takwimu mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa 2022, chagueni maeneo kwa uwiano wa idadi ya watu, halafu orodhesheni upya kila kaya ndani ya eneo. Makarani wawili na mtu wa kitongoji anayejua njia, siku moja kwa eneo la kaya mia moja hivi. Mwenyekiti wa kitongoji aulizwe swali moja la ziada kabla hamjaondoka: "Kuna watu wanalala eneo hili ambao hawahesabiki wakazi?" Swali hilo linafungua mengi.

Jambo jingine ni maana ya kaya. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo wao wa asili unafuata upande wa mama. Mtoto anaweza kulala kwa bibi mzaa mama, kula kwa mama mdogo, na matibabu yake yakaamuliwa na mjomba anayeishi kitongoji kingine. Dodoso linalouliza "mkuu wa kaya ndiye anayeamua?" linapata jibu lisilo na kazi. Ulizeni: "Mara ya mwisho mtoto alipougua, nani alisema apelekwe? Nani alitoa hela? Nani alimpeleka?" Mara nyingi ni watu watatu.

#6 LejaNaRafu

Naomba tushuke hadi stoo ya zahanati, maana hapo ndipo maneno "huduma ipo" yanapopimwa.

Usimuulize mfawidhi "dawa mnazo?" Atasema zipo, na hasemi uongo, kabati halijawahi kuwa tupu kabisa. Omba leja na ufungue ukurasa wa dawa moja. Tuchukue ALu, dawa ya mseto ya malaria, kwa kuwa makosa mengi yako humo. ALu ina pakiti nne: vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi 14, vidonge 12, 18, na 24 vya mtu mzima. Zahanati ikiishiwa ya watoto, mtumishi anakata pakiti ya mkubwa. Mtoto ametibiwa, vizuri, lakini pakiti za wakubwa zinaisha kabla ya mzunguko mwingine wa kuletewa dawa, na wiki tatu baadaye baba yake anaandikiwa akanunue dukani. Fomu yako ikiwa na mstari mmoja "ALu ipo/haipo", hayo yote hayaonekani. Weka mistari minne.

Kisha tazama safu ya salio. Tafuta tarehe salio lilipofika 0 na tarehe ya mapokezi yaliyofuata. Mfano: 0 tarehe 3 Februari, mapokezi tarehe 16 Machi, ni siku 41. Kwa nusu mwaka wa siku 181, dawa ilikosekana asilimia 23 ya siku. Hiyo ndiyo namba ya kuripoti. Ukihesabu siku ya ziara peke yake unaweza kukuta rafu imejaa kwa sababu gari la Bohari ya Dawa lilipita juzi.

Leja nayo ina maradhi yake. Ukikuta miezi sita imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko ule ule, mistari imenyooka, ukurasa hauna hata alama ya kidole, jua iliandikwa kwa siku moja kabla ya usimamizi. Hesabu makopo kwa mkono, linganisha na salio, kisha linganisha mapokezi na hati za Bohari. Vikitofautiana, amini hati na mkono wako.

Friji usiipite. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu akijifungua, inatunzwa nyuzi 2 hadi 8. Karatasi ya joto inajazwa asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia. Angalia wikendi hasa. Leja inaweza kuonyesha ampuli 60, na kipimajoto kikasoma 15 kwa sababu betri ya sola imechoka. Dawa hiyo andika ipo lakini haifai kuhesabiwa.

Halafu uliza kwa nini ilikosekana, na usikubali jibu "Bohari hawakuleta". Omba karatasi tatu: ombi la kituo, hati ya Bohari inayoonyesha kilichokosekana, na ununuzi kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, kupitia mfumo wa Jazia. Karatasi hizo zitakuambia kama kituo kiliomba kidogo, kiliomba kwa kuchelewa, Bohari ilikosa, au akaunti ya kituo haikuwa na hela ya kununua kwa mshitiri. Ni matatizo manne na kila moja lina mtu wake wa kulitatua. Ripoti ikiyachanganya kwa jina la "uhaba wa dawa", hakuna atakayejua aanze wapi.

#7 MkungaWaPwani

Asante LejaNaRafu. Upande wa uzazi naongeza haya.

Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 hawalipii. Ukiuliza "ulilipa kujifungua?" wengi watasema hapana, kwa sababu hakuna dirisha walilopitia wala stakabadhi. Uliza kitu kimoja kimoja: glavu pea ngapi, mpira wa kutandika kitandani, pamba, wembe, kibana kitovu, sindano na bomba, mafuta ya taa au tochi, daftari la kuandikia matibabu, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula cha msindikizaji. Mwisho kabisa, kwa upole, "kuna asante yoyote mliyotoa?" Weka bei kwa kila kitu. Jumla inayotoka ndiyo gharama ya huduma ya bure.

Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kumbukumbu za kituo, kitabu cha 6 ni cha kliniki ya wajawazito, cha 12 ni wodi ya kujifungulia, cha 13 ni mama baada ya kujifungua. Fuata wanawake 30 walioandikwa kitabu cha 6 mwaka jana, uone wangapi wanaonekana kitabu cha 12 cha kituo hichohicho. Wasioonekana usiandike walijifungulia nyumbani. Wengine walienda hospitali za Ndanda, Nyangao, Mkomaindo au Ligula, wengine walirudi kwa mama zao wilaya nyingine. Watafute kwa mhudumu wa afya wa jamii, na kwa ridhaa yao. Kinyume chake, kituo cha mjini kinaweza kuripoti zaidi ya asilimia 100 ya uzazi uliotarajiwa. Hakuna muujiza hapo, ni wajawazito wa kata jirani wameingia kwenye namba ya juu, ya waliojifungua, huku namba ya chini, ya waliotarajiwa, ikiwa ya kata moja.

Usafiri wa dharura: mfumo wa m-mama una namba ya bure, 115. Usiulize "unaijua?" pekee. Uliza kama simu inashika mtandao ndani ya nyumba, kama jirani mwenye simu analala karibu, kama ilipigwa, gari lilifika baada ya dakika ngapi, na kama dereva alikubali njia ile usiku. Anayeijua namba bila mtandao ana ngazi ya kwanza tu ya zile za Lukuledi.

Na nyumba za kusubiria uzazi. Zinajengwa, halafu watu wanashangaa ziko tupu. Mama anayekaa wiki mbili anahitaji unga, kuni, maji, mtu wa kumpikia, na mtu wa kubaki na watoto wengine. Pimeni hivyo vitano.

#8 Lukuledi

Ndugu zangu, kwa wanaodhani huku hakujafanyiwa kazi, kuna tafiti kubwa za kusoma kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Ipo iliyochapishwa 2015, ikitumia taarifa za kaya kama 226,000 za Lindi na Mtwara. Ilionyesha vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi vinaongezeka kadiri kaya inavyokuwa mbali na hospitali, na waliokuwa zaidi ya kilomita 35 ndio walioumia zaidi. Oneni: hospitali, yaani mahali penye upasuaji na damu. Kuwa karibu na zahanati hakumwokoi mama anayevuja damu.

Upo utafiti wa INSIST wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo cha Afya na Tiba za Kitropiki cha London, kata 132 za wilaya sita. Wahudumu wa kujitolea walitembelea wajawazito majumbani kabla na baada ya kujifungua. Mienendo ilibadilika, kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza kukiwemo. Vifo vya watoto wachanga havikuonyesha kupungua kwa sababu ya ziara hizo. Huo si utafiti ulioshindwa. Unafundisha kwamba ukimwelimisha mama afike kituoni, kituo nacho lazima kiwe na uwezo wa kumhudumia.

Na utafiti wa EQUIP, 2011 hadi 2014, Tandahimba ikifanyiwa kazi na Newala ikiwa ya kulinganishia. Timu za vijiji, vituo na wilaya zilichora namba zao zenyewe kila mwezi, zikajaribu badiliko dogo, zikaangalia mstari unakwenda wapi. Anayetaka kufanya utafiti unaoacha kitu nyuma aanzie hapo.

#9 HesabuZaKaya

Kuhusu fedha na bima, naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inafanya maswali haya yawe ya lazima.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Rudini kwa alichosema BiTakwimu kuhusu kaya. Bibi mwenye wajukuu wanane amwache nani nje ya kadi? Baba mwenye nyumba mbili analipa mara ngapi? Kwa hiyo usiulize "kaya ina bima?" Orodhesha watu wote, na mbele ya kila jina andika kama jina lipo kwenye kadi, na kama kadi iko hai leo. Kadi nyingi ziko sandukuni zikiwa zimepita muda.

Sababu ya kutohuisha kadi naomba iulizwe kwa msimu. Hela za korosho zinaanza kuingia minada inapofunguka, Oktoba kwenda mbele. Januari hadi Machi ni njaa na palizi. Kadi iliyokatwa Novemba inaisha Novemba, wakati hela ipo. Iliyokatwa Machi inaisha Machi, na haihuishwi. Hiyo inapimika: linganisha mwezi wa kukata na uhuishaji.

Gharama za matibabu huhesabiwa zenye kuumiza zikizidi asilimia 10 au 25 ya matumizi yote ya kaya. Tahadhari kubwa: aliyebaki nyumbani kwa kukosa hela ametumia sifuri, kwa hiyo kwenye jedwali anaonekana hajaumia. Lazima pawe na swali la waliougua wasiende, pamoja na sababu, na wawekwe safu yao. Bila hivyo vijiji maskini kabisa vitatoka vikionekana vimelindwa.

Na namna ya kupata hela. Msiishie "kuuza mali" na "kukopa". Huku watu huuza korosho ikiwa bado mtini, kangomba, kwa bei ya chini, ili wapate nauli ya hospitali. Kangomba inakatazwa, kwa hiyo swali liulizwe faragha, bila mtendaji wala mwenyekiti kuwepo, na lisiandike aliyenunua. Lakini liulizwe, maana mgonjwa wa Februari analipiwa na mavuno ya Oktoba, na hasara hiyo hakuna stakabadhi inayoionyesha.

#10 MwanaMwera

Maneno, wakuu. Ukiuliza "mtoto aliwahi kupata malaria kali?" utaambiwa hapana katika nyumba ambayo mtoto alipata degedege mwezi jana. Kwa wazee wengi degedege ni ugonjwa wake, una mganga wake, na wapo wanaoamini sindano humwua mtoto akiwa kwenye hali hiyo. Ulizeni kwa dalili: alikakamaa, alirusha macho, alipoteza fahamu?

"Umewahi kukosa huduma?" pia ni swali baya. Mtu ataona unamtaka amshitaki nesi wa kijiji chake. Semeni: "Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii kuumwa hadi akashindwa kazi zake, ilikuwaje?" Kisha mwacheni asimulie, mjaze dodoso kwa kufuata maelezo yake.

Wahoji wawe na Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, au Kimatumbi na Kingindo kule Kilwa na Liwale, kufuatana na eneo. Dodoso likitafsiriwa, mtu mwingine alirudishe Kiswahili bila kuona la kwanza. Vipindi vya kukumbuka: kutibiwa na kurudi: wiki nne; kulazwa: miezi 12; uzazi: miaka miwili. Tarehe zifungwe kwa mnada wa kwanza, Ramadhani, Maulidi au kupanda.

Wanawake wahojiwe na wanawake. Hili halina mjadala kwa maswali ya uzazi.

#11 RamaniKusini

Vibali kwa ufupi, maana wengi hukwama hapa na kupoteza msimu. Kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kazi ya kitaifa au yenye wageni, hudumu mwaka mmoja, na ripoti ya maendeleo inatakiwa kila miezi sita. Mtafiti wa nje anahitaji na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja, na mfike na nakala nyingi zenye mhuri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kiwianishi cha nyumba ni taarifa binafsi. Kabla ya kugawa data, sogezeni alama. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu husogeza maeneo ya vijijini hadi kilomita 5. Kwa Liwale yenye nyumba chache hata hivyo si kinga kamili, ondoeni pia majina ya vitongoji.

#12 MgeniMtama

Nimejifunza mengi, asanteni sana. Swali la mwisho: matokeo yapelekwe kwa nani, na lini? Ripoti nyingi zinaishia kabatini kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya.

#13 LejaNaRafu

Zinaishia kabatini kwa sababu zinafika Mei. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na vikao vya bajeti vya halmashauri hukaa kati ya Januari na Machi. Ukitaka matokeo yaingie kwenye mpango wa afya wa halmashauri, DMO awe na kurasa mbili mkononi kabla ya Krismasi. Maana yake data ikusanywe Juni hadi Agosti, kiangazi, njia zikipitika. Ukitaka na picha ya masika, rudi Februari kwa sampuli ndogo ya vitongoji vilevile.

Kila tatizo lipelekwe kwa mwenye uwezo nalo. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (Basket Fund) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo inapanga matumizi. Taa ya wodi ya uzazi, betri ya friji, pazia la faragha, hayo ni ya kamati, na yanaweza kutatuliwa robo ijayo. Ombi la dawa linalochelewa ni la mfamasia wa halmashauri. Upungufu wa watumishi kamati haiwezi, hata mkurugenzi peke yake hawezi. Ikama ya 2014 iliweka watumishi 15 hadi 20 kwa zahanati. Andika walio kazini siku ya ziara, sio walio kwenye orodha ya mishahara, na namba hiyo ipelekwe mkoani na TAMISEMI.

#14 MkungaWaPwani

Na kijijini kwenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Ombeni dakika 20 kwenye ajenda. Karatasi moja kubwa ya kubandika, namba nne tu: dakika za kufika, siku zilizokosa dawa, gharama ya kujifungua, na wangapi waliougua wakabaki nyumbani. Mfawidhi azione siku moja kabla, peke yake, ili asishtukizwe mbele ya watu wake. Karatasi ibaki ukutani kwa mtendaji, na nafasi tupu ya robo inayofuata iachwe pembeni, pamoja na kalamu.